Sahani ya Ami

Nyumbani Tanga, santuri ikikwama, mama alikuwa na dawa yake: sumni. Aliiweka juu ya kichwa cha sindano, mkono wa gramafoni ukapata uzito, na mwimbaji aliyekuwa akirudia neno moja kama mwehu akavuka, taarabu ikaendelea. Sumni ile haikuondoka pale pembeni ya gramafoni, na ole wake mtoto aliyeikodolea macho kwa ajili ya ubuyu.

Basi Jumamosi ile ya Januari 2003, niliposikia sahani imekwama sebuleni kwa Ami, mtaa wa Kreuzberg, Berlin, sikusita. Nikatafuta sarafu.

Ami hakuwa ami yangu wa damu. Alikuwa mzee wa Mombasa, Mji wa Kale, aliyekuja Berlin Magharibi kupika hotelini kabla ukuta uliougawa mji haujaanguka. Mimi nilikuwa mwanafunzi mgeni, nimeelekezwa kwake msikitini, nalala kwenye godoro lake huku nikitafuta chumba. Ukuta mmoja wa sebule ulikuwa santuri tupu, toka sakafuni hadi darini. Nilidhani ni taarabu. Asubuhi ile alitia moja kwenye mashine, akavaa koti, akasema anashuka kununua vitunguu.

Ngoma nzito, mapigo manne. Kitu kama tone la maji likidondokea sufuria. Basi. Halafu tena. Na tena. Dakika tano nikavumilia. Ya kumi nikainuka, nikaweka senti 20 juu ya kichwa cha sindano. Tone likadondoka palepale. Nikaongeza senti 50. Palepale. Nikaona isiwe taabu, nikausukuma mkono kwa kidole, na sindano ikapita juu ya sahani ikilia kama bati linaloburutwa kwenye saruji.

Ami alikuwa mlangoni, vitunguu mkononi.

"Wafanyani wee?"

"Ilikwama, Ami. Nikasema niisaidie."

"Haikukwama hiyo. Ndivyo ilivyotengenezwa."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliketi na koti lake, akaifuta sahani kwa pindo la shati, akaiinamisha chini ya taa nione. Santuri ya kawaida ina mfereji mmoja mrefu unaojisokota toka ukingoni kwenda kati. Upande ule ulikuwa na miduara, kila mmoja umejifunga peke yake. Sindano ikiingia haina pa kutokea mpaka uinyanyue. Jeff Mills, mtunzi wa tekno, muziki wa dansi wa mashine, kutoka Detroit, Marekani, aliitoa mwaka 1994, jina lake Cycle 30. Ami akanipigia hesabu kwa vidole: sahani ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika huzunguka mara moja kwa sekunde 1.8, tia mapigo manne humo, umepata kasi ya mapigo 133 kwa dakika. Wapiga santuri huiacha izunguke, wakapandisha sahani nyingine juu yake. Mills mwenyewe alikuwa akichezesha tatu kwa pamoja. Ami alimwona kwa macho yake pale Tresor, klabu iliyofunguliwa mwaka 1991 kwenye chumba cha hazina, chini ya ardhi, cha duka kubwa la zamani, visanduku vya chuma vingali ukutani vimeliwa na kutu.

Chuoni mwenzangu mmoja alikuwa ameniambia tekno ni muziki wa Wajerumani, ndiyo maana hauna moyo. Nilipomwambia Ami, ndipo alipokasirika. Akachomoa sahani nyingine, Minimal Nation ya Robert Hood, ya mwaka huohuo 1994, iliyotolewa na Axis, kampuni ya santuri ya Mills. Weusi wa Detroit wote wawili, waliopitia kundi la Underground Resistance. Wakati huo dansi za usiku Ulaya zilikuwa zimeshika mbio na makelele. Hood akaona roho ya muziki imepotea humo, akapunguza. Akabakisha ngoma, besi, na kifungu kimoja cha kinanda cha umeme. Mifupa. (Siku hizi ni mchungaji wa kanisa, na sikushangaa hata kidogo nilipolisikia hilo.)

"Usingoje mwimbaji," Ami aliniambia. "Hayuko."

Hapo ndipo nilipokuwa nakosea. Sikio langu lilikuwa limekaa mkao wa kungoja maneno. Nilipoacha kungoja, nikamkumbuka mpiga chapuo wa ngomani kwetu, mzee mkavu ambaye hakuna aliyemtazama: wenzake wanapamba, yeye habadilishi kitu hadi alfajiri, na akikosea mara moja tu wachezaji wote wanageuza shingo. Nikaanza kusikia vitu. Kifungu kilekile kilikuwa kikichomoza na kuzama, kinakuwa kikali kidogo, kinarudi kuwa laini, kama mtu anayesema neno moja huku akigeuza uso. Sijui tulikaa muda gani. Vitunguu vilikuwa bado kwenye mfuko.

Magharibi ilipoingia Ami aliirudisha ile Cycle 30 kwenye mashine. Mkwaruzo wangu ulikuwa umekata miduara yote, toka wa kwanza hadi wa mwisho. Ngoma, tone la maji, kisha kitu kipya: tik. Nikainamisha kichwa.

Ami akachukua kisu na ubao, akaanza kukatakata vitunguu. Baada ya mizunguko michache nikagundua kisu chake kinaangukia kwenye ile tik.

"Iache," alisema nilipotaka kuinuka kuizima.

Tulikula saa tatu usiku, sahani ingali inazunguka.