Barafu juu ya Pangani

Jumatano, saa 4 usiku, Chumbageni, Tanga

Umeme umekatika toka magharibi, nmekaa barazani na simu ina chaji asilimia 38, nikaona bora niandike sasa hivi maana toka Jumapili nazunguka na hili jambo kichwani na kila nikikaa peke yangu mkono wa kulia unajikunja wenyewe kama umeshika kitu. Ndege yetu imeruka tena, alhamdulillah. Na juu ya Pangani, mjomba wangu akiwa kakaa pembeni yangu, injini ilianza kufa.

Ila nianzie kwenye mafuta, kwangu mimi kila kitu kinaanzia hapo. Tunaruka na Cessna 172M ya mwaka 1976, injini ya kabureta (kile chombo kinachochanganya petroli na hewa), nguvu za farasi 150, tunaichangia watu wanne. Inatumia avgasi, ile petroli ya ndege ndogo yenye rangi ya bluu, sio yale mafuta ya ndege kubwa ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa. Inakuja kwa mapipa kutoka Dar. Pipa moja lita 200, ndege inakula kama lita 32 kwa saa, piga hesabu mwenyewe, masaa sita na kidogo, gawa kwa wanne, kila mtu saa moja na nusu, afu mnakaa mnasubiri. Safari hii tulisubiri wiki saba. Kila tukipiga simu wiki ijayo, wiki ijayo. Mwenzetu mmoja uvumilivu ukamshinda akasema jamani si tutie petroli ya sheli tu, injini yenyewe ya kizamani, na kiukweli Marekani kuna ndege kama yetu zimepewa kibali cha kutumia petroli ya gari, lakini kibali kinatolewa kwa ndege yenyewe na karatasi zake, yetu haina. Tulibishana mpaka saa sita usiku. Nashukuru mpaka leo kwamba hatukufanya.

Kwahiyo siku 51 sijashika usukani. Sheria inataka uwe umepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 ndo upakie abiria, na mimi Ijumaa jioni nilizipiga zote tatu, naenda, nazunguka uwanja, natua, ya kwanza nilidunda kidogo, ya pili na ya tatu zikakaa vizuri. Kisheria nilikuwa sawa kabisa. Hilo ndo linaloniuma.

Jumapili asubuhi nikampitia mjomba. Ana miaka 71, kaendesha jahazi Pangani, Unguja, Pemba tangu kijana mpaka magoti yalipomkataa, na kwa mwaka mzima amekuwa akiniambia mwanangu siku moja nipeleke nikauone mto wa Pangani kutoka juu. Mvua za masika zilikuwa zimeanza kuachia lakini ardhi bado imelowa, hewa nzito ile ya Tanga ambayo ukianika nguo asubuhi jioni unaitoa hivyohivyo. Kipimajoto nyuzi 26. Nikaanza kukagua ndege, oili, matairi, kingo za mabawa, afu nikachota mafuta chini ya kila bawa kwa kile kikombe cha plastiki. Bawa la kulia safi, bluu tupu. La kushoto, chini kabisa ya kikombe, tone la maji limekaa kama ushanga wa kioo, ukitikisa linatembea halichanganyiki. Tangi likikaa wiki saba halijajaa, ile nafasi ya juu ina hewa, usiku ikipoa hewa inatoa jasho, jasho linateremka kwenye mafuta, na maji ni mazito kuliko petroli kwahiyo yanakaa chini palepale bomba la kwenda kwenye injini linapoanzia. Nikachota, nikatikisa bawa, nikachota tena, kikombe cha nne ndo kikatoka safi. Mjomba kasimama ananiangalia akasema na sisi jahazi likikaa bandarini muda mrefu kazi ya kwanza ni kukumba maji. Nikamwambia ndo hiyohiyo mjomba.

Tukaruka saa tatu kasoro. Tukashika pwani kwenda kusini, futi 1,500, kusi inatupiga usoni, Tongoni ikapita kulia na magofu yake, afu Kigombe. Mjomba hakuangalia nchi kavu hata mara moja. Alikuwa anaangalia miamba ya chini ya maji, kaweka kipaji kwenye kioo, anaitaja milango ya kupita vyombo mmoja mmoja kwa majina ambayo sijawahi kuyasikia, akasema miaka yote nimeupita ule pale usiku kwa bildi, ile kamba ya kupimia kina, kumbe unaonekana hivi, kama njia ya baiskeli. Sauti yake ilibadilika. Nikijua nimeishi kwa ajili ya kitu gani, kimojawapo ni ile dakika.

Tulipofika mdomoni mwa mto, maji ya kahawia yanaingia kwenye ya kijani na mstari wake unaonekana kabisa, nikataka aone vizuri, nikapunguza throto, ule mkono wa nguvu ya injini, mpaka mizunguko 2,100 kwa dakika nikateremka futi 1,200 nikaanza kuzunguka taratibu. Duara la kwanza. La pili. Kwenye la pili nikaona geji inasema 1,950. Nikadhani throto imerudi yenyewe, huwa inafanya hivyo kama hujaikaza, nikaisukuma kidogo. Ikapanda, ikashuka tena. Nikasukuma zaidi. Ilitakiwa iende 2,400, ikaishia 2,050 na usukani ukaanza kutetemeka, sio sana, ule mtetemo wa daladala iliyosimama kwenye mataa. Nikaangalia oili, sawa. Mafuta, yapo. Nikaifikiria ile shanga ya maji. Nikasukuma throto mpaka mwisho na injini ikajibu kwa kukohoa.

Zilikuwa sekunde ngapi sijui. Kumi labda. Kitabuni ni mstari wa kwanza kabisa, mizunguko ikipungua bila sababu huenda kabureta imeshika barafu, vuta hita yake, inaleta hewa ya moto iyeyushe, nimeusoma mara mia, nimeujibu kwenye mtihani, na kishikio chenyewe kiko kushoto kwa throto, vidole vyangu vilikuwa vinakigusa. Nilipokivuta mwishowe ndo mambo yakaharibika. Mizunguko ikaanguka mpaka 1,700, injini ikaanza kutapika, ndege nzima inatikisika, na kila kitu mwilini kinaniambia rudisha, umekosea, rudisha. Huo ndo mtego wake. Hewa ya moto ni nyepesi kwahiyo nguvu inapungua zaidi, afu barafu inayoyeyuka inakuwa maji na maji yanapita ndani ya injini, lazima ikohoe. Kuna watu wamerudisha kishikio hapo na barafu ikafunga koo la kabureta moja kwa moja. Nikakaza. Nikaweka pua kwenye mwendo wa noti 65, yani kama kilomita 120 kwa saa, ule ambao ndege hii ikizimika inateleza mbali zaidi, nikaanza kutafuta pa kushukia.

Mjomba hakupiga kelele wala hakunishika. Akasema kwa sauti ileile ya kawaida, "Maji yamekupwa. Ule mchanga wa upande wa Bweni mgumu, huu wa huku una tope." Nikageuzia Bweni.

Futi 800, nimeshaanza kuhesabu wavuvi waliokuwa ufukweni na niwapitie upande gani, injini ikastuka mara mbili, ikatulia, na geji ikaanza kupanda. 1,900. 2,100. 2,300. Sauti ikarudi mviringo. Nilipanda mpaka futi 2,500 nikarudi Tanga na kila dakika tano navuta hita, nasikiliza, narudisha, navuta. Tukatua vizuri. Nilipozima injini nikabaki nimekaa na mikanda yangu na mjomba naye kakaa na ya kwake, hakuna aliyefungua mlango.

Kwenye kahawa ndo akaniuliza, barafu? Pangani? Imetoka wapi? Nikamwambia mjomba unakumbuka sindano, nesi anavyokupaka spiriti mkononi unavyosikia ubaridi, si kwamba spiriti imetoka kwenye friji, ni inavyokauka inachukua joto la ngozi. Ndani ya kabureta petroli inakauka hivyohivyo, na hewa inapita kwenye koo jembamba kwa kasi inatanuka inapoa, vyote viwili kwa pamoja vinaweza kushusha joto nyuzi 30 na zaidi. Nje 26, mle ndani chini ya sifuri, na hewa yetu imejaa maji, inaganda pale pale. Hata nje kukiwa nyuzi 38 inawezekana kama kuna unyevu. Na ukipunguza throto ndo mbaya zaidi, koo linazidi kuwa jembamba. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu, "Sasa hilo ulikuwa unalijua?" Nikamwambia nilikuwa nalijua mjomba, ila lilichelewa kufika mkononi. Akatikisa kichwa akamalizia kahawa yake.

Na ndo hapo nilipokwama siku tatu hizi. Nikipunguza throto nilitakiwa nivute hita kwanza kabla ya yote, zamani nilikuwa nafanya bila kufikiria, kama unavyofunga mkanda. Siku 51 zimeufuta ule uzoefu na mizunguko mitatu ya Ijumaa haikuurudisha, maana mizunguko ile inafundisha kupaa na kutua tu, haifundishi ile katikati. Sheria ni kiwango cha chini, nafahamu, na mimi nilikitumia kama ndo ruhusa ya moyo.

Nimewaambia wenzangu watatu kila kitu, hata zile sekunde kumi. Mmoja akasema mbona kawaida tu hiyo, kila mtu inamtokea. Nikamwambia ndo maana naisema. Nikapendekeza mtu akipitisha siku 30 hajaruka asipakie abiria mpaka aruke saa moja na mwalimu, na mwalimu lazima atoke Dar. Wakanyamaza. Hesabu tunaijua wote, saa hiyo inatoka kwenye pipa lilelile, anayebaki na nusu saa atakaa muda mrefu zaidi bila kuruka na mkono wake utasahau zaidi. Sina jibu la hilo. Bado nalisimamia, na wa pili kanitumia meseji leo mchana kasema yuko upande wangu.

Leo baada ya kazi nikapitia bandani. Ndege iko kimya, propela imefungwa kitambaa chekundu. Nikaingia nikakaa, nikafumba macho, throto nyuma, hita kwanza, throto, hita kwanza, mpaka mkono ukawa unafika kabla sijaufikiria. Nilikuwa bado mle ndani simu ikaita, mjomba. Kabla hata sijamaliza shikamoo anauliza tunaenda lini tena, anataka akione kisiwa cha Maziwe, anasema walipokuwa vijana kilikuwa na mivinje na walikuwa wanapumzika kivulini, sasa umebaki mchanga tu ambao bahari ikijaa inaufunika wote.

Nikamwambia pipa bado halijafika. Akasema basi atasubiri, ila nikimwambia siku nimwambie mapema, atanipangia yeye saa, tuende maji yakiwa yamekupwa.