Babu na beseni la bluu

Mtoto wa dada yangu alirithi jina la marehemu baba yetu, na mama hakutaka kabisa lile jina litajwe ovyo pale mtu anapogombezwa kwa kumwaga maziwa, kwa hiyo nyumba nzima tukawa tunamwita Babu. Babu njoo ule, Babu toka kwenye matope. Majirani wakipita wanamwamkia shikamoo babu, na yeye anaitikia marahaba bila hata kucheka, umri wenyewe miaka mitatu. Nalisema hili mapema kwa sababu nyumba ambayo mtu anaitwa Babu tangu yuko kwenye nepi ni nyumba ambayo watu wake wameshakaa mkao wa kuamini mambo.

Hii ilikuwa Kirumba, Mwanza, mwishoni mwa 2003. Mimi nilikuwa nimemaliza fomu foo nasubiri matokeo, kazi yangu ilikuwa kukaa home na Babu. Watoto wengine wa pale walikuwa wanajipikilisha na matope, wanacheza baba na mama, kawaida tu. Babu alikuwa na mchezo wake mmoja na alikuwa anaucheza peke yake. Anachukua beseni kubwa la kufulia, la bluu, anakusanya visoda anavimwaga chini uani, halafu analifunikia beseni juu ya vile visoda, anapanda kwa magoti juu yake na mwiko mkononi. Anagonga, ko ko ko. Kisha analaza sikio kwenye beseni, anatulia hivyo muda mrefu kwa mtoto wa miaka ile, akiinuka anasema "wamo". Ukimuuliza kina nani wamo anakuangalia kama vile umeuliza swali la kijinga.

Mtu wa Mwanza sihitaji kumweleza. Kwa wengine, MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ilitoka Bukoba ikapitia Kemondo, imebaki kidogo tu ifike Mwanza ikapinduka. Haikwenda chini moja kwa moja, ilibaki inaelea tumbo juu na watu wako ndani, na mtaani tulikuwa tunasimuliwa kwamba walikuwa wanasikika wanagonga. Waokoaji wakatoboa lile tumbo ili wawatoe, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, ikazama. Waliokufa, wengi wanasema ni zaidi ya 800, hesabu kamili ngumu kwa sababu meli ilijaza kupita uwezo na si wote waliokuwa kwenye orodha. Wengi wamezikwa Igoma, na wengi hawakuopolewa kabisa.

Sasa lile beseni likapata ufa. Kwa wasiojua, beseni la plastiki halitupwi, kuna mafundi wanapita mtaani na jiko dogo la mkaa na waya, anapasha waya mpaka uwe mwekundu, anatoboa vitundu pande zote mbili za ufa halafu anashona kama nguo. Siku hiyo fundi kaingia uani kwetu, kapatana bei na mama, kaliweka beseni kifudifudi mapajani. Pale uani tulikuwa mimi, mama, dada wa kazi na jirani yetu mmoja mama wa Kihaya, tunachambua mchele. Huyu mama mumewe alikuwa kwenye ile meli. Hakupatikana.

Fundi kagusisha waya kwenye plastiki, ule moshi wake unaonuka ukapanda, na Babu ambaye nilidhani hata haangalii akapiga ukelele ambao sijausikia tena kwake. "Usitoboe! Usitoboe, wamo!" Akamrukia fundi, akaushika mkono wenye waya, kidogo aungue, nikamvuta, anarusha miguu, anarudia hilohilo, usitoboe, wamo. Fundi wa watu kaduwaa waya uko juu. Na yule mama akauachia ungo, mchele wote ukamwagika, akakaa chini palepale kwenye mchele.

Alipopata sauti alimwita Babu, akampakata, akaanza kumuuliza. Ulikuwa kwenye meli? Ndiyo. Mlipinduka? Ndiyo. Ulibeba ndizi? Ndiyo. Nyingi? Nyingi. Ulikuwa na mke? Ndiyo, akaenda kumshika shavu, na hapo yule mama akaanza kulia kile kilio cha kimyakimya cha mabega tu, na dada wa kazi naye akaanza, mama yangu anapiga ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nane, najiona msomi, na kiukweli niliogopa pia, nikaona hii kitu isimame. Nikasema Babu, kwenye meli ulikuwa na pikipiki? Ndiyo. Ulikuwa na tembo? Ndiyo. Na wewe ulikuwa ng'ombe? Ndiyo. Ng'ombe gani? "Wa maziwa."

Mama alinitupia jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka nakaa vizuri. Na yule mama wa Kihaya wala hakunisikia. Au alisikia akaamua lisimhusu, sijui. Fundi akauliza kwa upole kama aendelee au vipi, maana mkaa unaisha.

Jioni mama alisema mambo ya watu kurudi hayapo, ni ya kipagani, na kesho anaenda kuongea na padri. Mama huyohuyo ndiye aliyekuwa anatusimulia kila mwaka kwamba Babu alipozaliwa alilia mfululizo, wakamtajia jina la huyu akalia, la yule akalia, lilipotajwa la baba akanyamaza akanyonya. Hii kwa kanda ya ziwa si ajabu, ukienda kwa Wajaluo kule Mara utaikuta, mtoto analia mpaka apewe jina la marehemu anayemtaka. Nikamuuliza mama sasa hiyo na hii zina tofauti gani. Akasema hiyo ni jina, hii ni meli. Nikaishia hapo.

Baadaye nilisomea ualimu wa chekechea, na nilipokutana na habari za Ian Stevenson nilikesha nazo. Huyu alikuwa daktari wa akili Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, alizunguka India, Lebanoni, Sri Lanka, mpaka kwa Waigbo wa Nijeria, akikusanya watoto wanaosema walishaishi. Yeye na wenzake wana kesi zaidi ya 2,500. Wengi huanza kusema wakiwa na miaka miwili hadi minne, wakishaanza shule inapotea. Na kuna sehemu aliangalia michezo tu, kati ya watoto 278 akakuta 66 walikuwa wanacheza michezo ambayo nyumbani hakuna aliyewafundisha, na wengine wanaigiza kifo cha yule wanayedai walikuwa yeye. Nilisoma hapo nikaliona beseni.

Lakini nimesoma na upande wa pili, mwanasaikolojia wa Marekani Stephen Ceci na wenzake, hawa walikuwa wanawauliza watoto wa chekechea kila wiki kama waliwahi kubanwa kidole na mtego wa panya, kitu ambacho hakikuwahi kutokea, na baada ya wiki kumi zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na stori nzima angalau ya tukio moja la kubuni, nani alikuwepo, walienda hospitali vipi. Hawadanganyi, wameshaamini. Na mimi darasani kwangu naona kila siku, ukimuuliza mtoto swali la ndiyo anakupa ndiyo, ni adabu tu.

Na kuna jambo nililijua siku ileile nikanyamaza nalo. Ile stori ya kutoboa, Babu aliisikia palepale uani. Yule mama alikuwa anakuja kwetu karibu kila mchana, na akishaanza kuchambua mchele mkono ukizoea anarudi kwenye meli, walivyosimama bandarini, redio ilisema nini, walivyosikia kwamba wametoboa. Sisi tulikuwa tumeshazoea, tunaitikia pole huku tunaendelea. Aliyekuwa amekaa chini miguuni kwake na visoda vyake, hana kazi nyingine ila kusikiliza, ni Babu. Mimi naamini stori ilitoka kwa yule mama ikarudi kwa yule mama. Sikumwambia, na hata leo nisingemwambia. Kinachonishinda ni lile sikio. Kulaza sikio na kusubiri, hilo simkumbuki mtu akilisimulia pale uani, lakini mtoto aliyegonga kitu atafanya nini tena zaidi ya kusikiliza, basi.

Yule mama aliendelea kuja, ila habari za bandarini zikapungua, akawa analeta ndizi anampa Babu mwenyewe mkononi. Aliingizwa hata kwenye mchezo, anapewa mwiko agonge. Januari ya mwaka uliofuata Babu akaanza chekechea, akaujua mpira, na beseni likarudi kufulia nguo, ufa wake umezibwa na kandambili iliyoyeyushwa, maana kushona hakuna aliyethubutu.

Siku hizi yuko Dodoma anatengeneza simu. Nilimsimulia yote haya Krismasi moja, na meli na mama wa Kihaya na Stevenson na ng'ombe, alikuwa kimya anasikiliza nikadhani limemgusa. Akauliza, "Mama mdogo, sasa yule fundi alilipwa?"

Nikamwambia alipewa nusu, na kikombe cha chai.