Kuzunguka korongo la Verdon kwa baiskeli ya barabarani

Mzunguko kamili wa korongo la Verdon, Ufaransa, ni karibu kilomita 100: Moustiers-Sainte-Marie, La Palud, Point Sublime, Trigance, kisha barabara ya D71 hadi Aiguines na kurudi kando ya ziwa Sainte-Croix. Amua mwelekeo kwanza. Ukifuata mwendo wa saa, upande wako wa kulia, ambao ndio unaoendeshea Ufaransa, unakuwa ukingoni mwa korongo: mandhari tele, lakini hakuna nafasi ya kukosea. Ukigeuza, unabanana na mwamba. Mimi napendelea mwendo wa saa.

Ukitaka kuongeza barabara ya Route des Crêtes (D23, kama kilomita 23), ingia kwa upande wa mashariki wa La Palud. Sehemu yake moja ni ya mwelekeo mmoja tu. Inapanda kupita mita 1,300 na hufungwa majira ya baridi.

Gia: meno 34 mbele, 32 au 34 nyuma. Ukija na 28 nyuma, magoti yatakusimulia. Tairi za milimita 28.

Maji ndiyo huangusha wengi. Kati ya Trigance na Aiguines hakuna kijiji, na jua la Julai halina huruma. Jaza chupa mbili kubwa Trigance, hata kama bado zina maji.

Kwenye D71 kuna mahandaki ya Fayet, kwa hiyo taa ya nyuma ni lazima. Kutoka pito la mlimani la Col d'Illoire (mita 967) kushuka Aiguines, funga breki kwa vipindi vifupi kabla ya kona. Ukizishikilia mfululizo, zinapata moto na kupoteza nguvu.