Ndege ya mtumba niliyoikimbia, na ile niliyoileta Tabora

Wenzangu wawili wa Tabora, mmoja wa asali na mmoja wa mbao, walinituma nitafute Cessna 210 iliyotumika, ndege ndogo ya injini moja. Rubani ni mimi peke yangu kati yetu. Walichotaka ni kasi: Kigoma kwa saa moja na ushee, wakati treni inalala njiani.

Ya kwanza niliikuta Nairobi. Rangi inang'aa, viti vya ngozi, bei laini kupita kiasi. Nilikwenda na mzee mmoja fundi wa ndege asiyejuana na muuzaji. Hapo sikubali mjadala, maana fundi anayeihudumia ndege kila mwaka ukimpa aikague anajisahihishia mtihani wake mwenyewe.

Mzee hakuigusa ndege kwa saa nzima. Alikaa na logibuku, daftari la kumbukumbu za ndege. Kisha akaniita, "Mwanangu, tazama. Miaka minne hii haijaruka hata saa kumi." Muuzaji alikuwa akijisifia saa chache tangu injini ifumuliwe, kumbe ndio ugonjwa wenyewe. Injini ikikaa, oili huteremka chini na kutu huanza kula kamshafti, kile chuma kinachozunguka na kufungua vali. Isitoshe, injini yake, Continental IO-520, hufumuliwa baada ya saa 1,700 au miaka 12, kinachotangulia. Wauzaji hutaja saa, miaka wanainyamazia.

Nikauliza mhimili wa mabawa. Cessna 210 za kuanzia toleo la 1967 hazina nguzo za kuegemeza mabawa. Yote mawili hushikwa na mhimili unaopita juu ya kichwa chako. Mei 2019, karibu na Mount Isa huko Australia, 210 iliyokuwa kwenye kazi ya upimaji wa ardhi kutoka angani ilikatika bawa ikiruka, wakafa wote wawili waliokuwamo. Mwaka uliofuata Marekani ikaagiza mihimili hiyo ipimwe kwa kifaa cha umeme kinachonasa nyufa ambazo macho hayazioni. Muuzaji akajibu kwamba hayo ni ya ndege za upimaji. Karatasi ya kipimo hana. Tukaaga. Wenzangu walinung'unikia nauli na ujira wa fundi, nikawaacha wanung'unike.

Ya pili ilikuwa imepauka, lakini ilikuwa ikiruka kila wiki. Mhimili ulishapimwa, karatasi ipo. Chujio la oili tulilipasua, hamna chenga za chuma. Silinda tulizichungulia kwa kamera. Moja dhaifu, tukakata bei. Mwisho tukaipandisha jeki, tukakunja na kushusha magurudumu mara kadhaa, pamoja na ile pampu ya mkono ya dharura. Jasho lilinitoka.

Nikabaki mimi. Nilizoea Cessna 172 ya nguvu farasi 160. Hii ina 300, panga boi la kubadilisha pembe, na magurudumu ambayo ukisahau kuyashusha unatua kwa tumbo. Nilirudi kwa mwalimu kama mwanafunzi.

Tabora nako kuna lake. Uwanja uko kama mita 1,180 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, jotoridi likifika 33, hewa huwa nyepesi kana kwamba uko mita 2,100, na ndege iliyojaa hula njia ndefu kabla ya kunyanyuka. Safari ya kwanza bwana asali alitaka tuondoke saa nane mchana. Nikamwambia tunalala, kesho saa kumi na mbili alfajiri. Alininunia mpaka tulipovuka Urambo.