Dada, ni kuprinti tu: siku moja kwenye maktaba ya sheria

Saa 1:30 asubuhi. Madirisha kwanza, kompyuta baadaye. Hapa Dar es Salaam unyevu unaviwahi vitabu kabla ya mchwa. Juzuu za zamani za East Africa Law Reports, vitabu vya hukumu za Afrika Mashariki, zikikosa hewa siku tatu zinanuka kama nguo iliyokunjwa mbichi, na gundi ya mgongo inaanza kuachia. Halafu napiga magoti kukagua rafu za chini, kama kuna njia ya udongo ya mchwa ukutani. Kazi hii haimo kwenye tangazo lolote la ajira ya mkutubi wa sheria.

Saa 2:00. Gazeti la Serikali la Ijumaa. Kila Tangazo la Serikali, ambalo mawakili wote wanaliita GN, naliandika kwenye daftari: namba, mwaka, jina la kanuni, sheria mama, na kifungu kilichompa waziri mamlaka ya kulitoa. Mwaka ni lazima, kwa sababu namba zinaanza upya kila Januari. Mtu akisema "nataka GN 64" hajasema kitu. Kama tangazo linarekebisha kanuni ya zamani, naifuata ile ya zamani rafuni na kuandika pembeni "tazama GN fulani". Kwa penseli, si kwa peni, maana marekebisho nayo hurekebishwa.

Saa 3 hadi saa 4 ni wanafunzi, fotokopi na "mtandao wenu una nywila gani?"

Saa 4 na robo anaingia mzee mmoja na bahasha ya kaki. Shikamoo, marahaba. Ndani kuna barua ya kuachishwa kazi, na yeye anataka "kitabu cha haki za wafanyakazi". Kitabu kitasubiri, mimi naanza na tarehe ya barua. Kanuni ya 10 ya kanuni za usuluhishi na uamuzi, GN Na. 64 ya 2007, inatoa siku 30 kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Barua ina siku ya 26. Mimi si wakili wake, siwezi kumwambia atashinda au atashindwa. Ninachoweza ni kufungua ukurasa, kuweka kidole kwenye mstari na kumwonyesha fomu inayoitwa CMA F.1. Anasoma mara mbili huku midomo ikicheza, anakunja nakala na kuondoka bila kukaa.

Saa 6 kasoro, mchana ukaharibika.

Wakili kijana, tai imelegezwa, ana maombi ya kuongeza muda kesho saa 3 asubuhi, Mahakama ya Rufani. Mkononi ana orodha ya maamuzi tisa, imechapwa vizuri. "Dada, ni kuprinti tu, dakika tano."

La kwanza: Lyamuya Construction dhidi ya wadhamini wa YWCA, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010. Kila anayeomba kuongezewa muda Tanzania analitaja, kwa sababu ndilo lililopanga vigezo: ueleze kipindi chote ulichochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, uonyeshe bidii, na kama kuna sababu nyingine nzito, mfano uharamu ndani ya uamuzi unaolalamikiwa, useme. Yeye alilitafuta usiku TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, akachuja kwa mwaka 2010, akakosa. Kosa hili naliona kila wiki. Mwaka ulio kwenye namba ya shauri ni wa kusajiliwa. TanzLII inapanga kwa mwaka wa kuamuliwa. Lyamuya liliamuliwa tarehe 3 Oktoba 2011, kwa hiyo ni [2011] TZCA 4: mwaka, nchi, mahakama, namba ya mfululizo. Ukiona TZHC badala ya TZCA, hiyo ni Mahakama Kuu, na uzito wake mbele ya majaji wa Rufani ni mwingine kabisa.

Tafuta kwa jina lililo adimu zaidi. "Lyamuya" peke yake inatosha. Ukiandika "Mohamed" unafungulia mto, tena andika na "Mohammed" na "Muhammad", kwa sababu masijala huandika kama ilivyoletwa. Na hukumu nyingi za zamani ni picha za karatasi. Mashine inaposoma picha, herufi r na n zikikaribiana inaziona m, na jina linapotea. Hapo unaacha kisanduku cha kutafutia, unaingia mahakama, mwaka, mwezi, unafungua moja moja kwa macho. Lugha nayo ni mtego. Tangu Sheria Na. 1 ya 2021, lugha ya sheria na mahakama ni Kiswahili, lakini anayetafuta "kuongeza muda" tu anayaacha nje karibu maamuzi yote ya zamani, ambayo ni ya Kiingereza.

La pili hadi la tano, sawa.

La sita halipo.

Majina ya wadaawa yanaingia akilini, namba inaingia akilini, "Mwanza" imeandikwa vizuri. Nikaliandika kwa namba ya TZCA aliyoiweka, ikafunguka rufaa ya jinai ya wizi wa ng'ombe. Kwa jina, hakuna. Kwa tarehe, hakuna. Na hapa ndipo watu hawaelewi kwa nini nachoka: kutoonekana TanzLII si ushahidi kwamba uamuzi haupo, maana si kila cha zamani kimepakiwa. Kabla ya kusema "haipo" ni lazima nishushe faharasa za Tanzania Law Reports (TLR), juzuu za hukumu zilizochapishwa, nipitie majina ya pande zote mbili, halafu nimpigie mtu wa masijala. Juzuu ya tatu ikiwa mkononi, umeme ukakatika. Tukaendelea kwa tochi ya simu yake, na yeye anaangalia saa kila dakika.

"Ulilipata wapi?"

Kimya. Kisha: "Akili mnemba iliniandikia."

Saa nzima na dakika arobaini. Chakula changu kimepoa kwenye kontena. Na bado kulikuwa na vifungu: orodha yake ilitaja sheria kwa toleo la 2019, wakati Toleo la Urekebu la 2023 linatumika tangu 1 Julai 2025 na katika baadhi ya sheria namba za vifungu zimehama. Dawa ni kulinganisha kichwa cha kifungu, si namba. Hukumu ya 2018 itaendelea kutaja namba ya zamani, na hiyo si makosa ya jaji.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Simu moja kutoka shirika la wasichana: "Sheria ya Ndoa inasema miaka 15, si ndiyo?" Maandishi ya mwaka 1971, kifungu cha 13, ndiyo. Lakini katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema tarehe 8 Julai 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali tarehe 23 Oktoba 2019. Aliyeshika nakala ya sheria peke yake ameshika nusu ya jibu. Nimewatumia hukumu zote mbili.

Jioni, juzuu za TLR zinarudi rafuni kwa mikono miwili, kamwe si kwa kuvutwa kichwani mwa mgongo. Nafunga madirisha. Simu inalia, ujumbe wa wakili: "Dada, ile ya sita, nikiitaja bila namba je?"

Nimemjibu neno moja.