Siku moja ya fundi wa redio za ambulensi, Dar es Salaam

Saa 12:00 asubuhi. Zamu zinapokezana, kituo kinaita magari moja baada ya jingine. Kujibu "tupo" hakutoshi. Dereva aseme anakipataje kituo: vizuri, kwa mbali, au inakwaruza. Gari linalokwaruza likiwa limepaki hapa uani, likifika Mbagala litakuwa bubu, kwa hiyo halitoki na redio hiyo. Betri za redio za mkononi tunabadilisha hata kama taa bado ni ya kijani. Zile saa 8 au 10 zinazoandikwa kwenye boksi zimepigiwa hesabu kwamba asilimia 90 ya muda redio imetulia, inasubiri. Siku ya ajali haitulii.

Saa 2:00. Kuna gari la kufungwa redio. Mwenyewe anataka umeme uchukuliwe kwenye tundu la kuwashia sigara ili dashibodi isiguswe. Haiwezekani, bosi. Redio ya wati 50 ikirusha inavuta zaidi ya ampea 10, na fyuzi ya pale inaweza kuungua mgonjwa akiwa nyuma. Waya unatoka moja kwa moja kwenye betri, fyuzi yake ikae karibu kabisa na kichwa cha betri. Antena ya robo wimbi kwa masafa ya MHz 155 ina urefu wa kama sentimita 48, na mahali pake ni katikati ya paa la bati. Hili lina paa la faiba, hivyo kwa ndani nabandika kipande cha bati kinachogusana na kitako cha antena. Mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inayorudishwa na antena badala ya kuruka hewani, ikisoma chini ya 1.5 nimeridhika. Ikipita 2, kitu cha kwanza ni kufungua kiunganishi cha waya. Mara nyingi ubovu unakaa hapo.

Kipimo ambacho mafundi wengi wanaruka: washa taa zote za dharura na king'ora, kisha sikiliza. Taa za LED za bei chee zinamwaga kelele kwenye VHF, masafa ya redio zetu. Redio iliyokuwa inasikia vizuri inageuka kiziwi. Gari la namna hiyo linapotea hewani likiwa kazini, ukilipima limepaki unaliona zima.

Kuelekea saa 5, simu kutoka hospitali moja: "Fundi, redio yenu imekufa tangu jana." Haijafa. Sauti imeteremshwa hadi mwisho, na plagi imechomolewa kupisha chaja ya simu. Siwezi kumlaumu sista. Emajensi ina kelele zake na redio inazidisha. Nachomeka kompyuta, naiwekea redio kiwango cha chini cha sauti ambacho hakishuki zaidi ya hapo. Plagi inahamia nyuma ya kabati pamoja na betri ya akiba ya volti 12, ile inayovumilia kuishiwa chaji, maana betri ya kawaida ya gari ukiimaliza mara kadhaa inakufa. Juu ya paa, kiunganishi cha antena kimeota kijani kwa chumvi ya bahari. Nakata, nafunga kipya cha aina ya N, nazungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na chini yake naacha waya ulegee kidogo ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani.

Saa 7 na kitu, chaneli inakwama.

Mahali fulani maiki imebanwa na kitufe kimebaki chini. Ripita, mtambo unaodaka sauti ya gari na kuirusha tena ili ifike mbali, inapokea kwa masafa fulani na kurusha kwa mengine, kwa hiyo gari moja likiishikilia, wote wanasikia ndani ya gari hilo tu: injini, honi, na kwa mbali kondakta anaita "Buguruni, Buguruni, Rozana!" Dakika 3 zikipita ripita inajifunga yenyewe, na haifunguki hadi yule mrushaji anyamaze. Mji mzima kimya. Kumwita kwa redio ni bure, kwa sababu redio inayorusha haisikii. Nahamisha wote kwenye chaneli ya pili ya moja kwa moja, isiyopita kwenye ripita na isiyofika mbali, na hata hilo inabidi kuwaambia kwa simu, dereva mmoja mmoja. Kila mmoja jibu ni lile lile: "Yangu nzima, fundi." Naomba azime hata sekunde 10. Huku nazima, kule nasubiri, mwingine hapokei simu, mwingine yuko kwenye foleni ya TAZARA na hana muda wa kuongea na mimi. Redio zetu ni za analojia, hazionyeshi namba ya anayerusha.

Nimebaki na masikio. Nasikiliza masafa ya kuingilia ripita kwa redio ya mkononi huku naendesha. Nikisogea karibu inashika kila upande, basi naichomoa antena; ikiendelea kusikika bila antena, gari liko jirani. Kumbe liko kwenye uwanja wa hospitali, vioo vimefungwa, dereva ameenda kutafuta sahihi ya makabidhiano. Maiki imezama kati ya kiti na mtungi wa oksijeni. Redio imepata moto hadi haishikiki. Iliazimwa kutoka gari lingine, na hakuna aliyeiwekea kikomo cha muda wa kurusha. Naiwekea sekunde 60. Ndoano ya maiki haikuwepo, naifunga. Kazi ya dakika chache kwa mchana mzima.

Saa ngapi sasa sijui, jua limeshuka na miguu haina nguvu. Wamekuja wahudumu wapya. Bonyeza, hesabu moja, ndipo useme, la sivyo ripita inameza neno la kwanza. Maiki iwe kama sentimita 5 kutoka mdomoni. Taarifa kwa hospitali: umri, jinsia, kilichotokea, presha, oksijeni, mlichompa, dakika zilizobaki. "Mwanaume, miaka 30, bodaboda, paja limevunjika, presha 90 kwa 60, oksijeni 92, yuko kwenye dripu, dakika 15. Ova." Anayepokea arudie tarakimu. Jina la mgonjwa halitajwi, maana yeyote mwenye redio ya masafa hayo anasikia. Kijana mmoja ananiuliza kwa nini wasipige tu simu. Simu anaisikia mmoja, namwambia. Akiwa hajaipokea, je?