Daftari la Magari Yaliyoahidiwa

Nina daftari la mistari, jalada la bluu, limechanika pembeni, ambalo nimekuwa nikiandikia magari tangu 2006. Utaratibu wake hauna maajabu. Gari likitangazwa naliandika kwa penseli, na pembeni yake mwaka ambao kampuni imesema litatoka. Likianza kuuzwa napitisha wino juu ya ile penseli. Likitupwa nalifuta. Mdogo wangu analiita daftari la madeni, na hajakosea sana, maana kila mstari wa penseli humo ni mtu fulani mwenye suti aliyesimama jukwaani akaniahidi kitu.

Kurasa za 2008 ndizo chafu kuliko zote. Ufutio umepita hapo mpaka karatasi imekuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu.

Desemba ya mwaka ule, uchumi wa dunia ulipoporomoka, ilikuwa msiba. Honda walikuwa wanaandaa gari la kurithi NSX, gari lao la kasi, lenye injini ya silinda 10, na lilikuwa limeshaonekana likijaribiwa Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani. Takeo Fukui, aliyekuwa rais wa kampuni, akatangaza kwamba mpango umesitishwa. Mwezi huohuo Honda wakajitoa Formula 1, na kiwanda chao kipya cha Yorii, mkoani Saitama, kilichokuwa kifunguliwe 2010, kikasogezwa mbele. Kilianza kazi 2013. Toyota nao wakakiri kwamba wanaelekea kupata hasara ya uendeshaji kwa mara ya kwanza katika takriban miaka 70. GM (General Motors) wa Marekani wakasimamisha ujenzi wa kiwanda cha Flint kilichokusudiwa kutengeneza injini ndogo ya Chevrolet Volt, gari lao la umeme na petroli. Hilo la Volt niliacha penseli yake ilivyo, kwa ukaidi tu, na ikatokea nilifanya vema: mwisho wa 2010 lilikuwa sokoni.

Basi nikajiandaa kwa ukame. Nikasema 2009 sitaandika kitu kwa wino. Marekani peke yake, soko lililokuwa likinunua zaidi ya magari milioni 16 kwa mwaka, lilishuka hadi kama milioni 10.4. Chrysler waliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Aprili, GM wakafuata Juni. Nani angezindua gari katika hali hiyo?

Wakazindua. Porsche Panamera likazinduliwa Aprili, Shanghai. Septemba, Frankfurt, wakaja na Ferrari 458 Italia na Mercedes SLS AMG. Oktoba, Tokyo, Lexus LFA, lenye injini ya silinda 10, aina ileile ambayo Honda walikuwa wameona ni anasa isiyosemeka. Mwaka mbaya kuliko yote niliyowahi kuishuhudia, na mistari yake daftarini leo inang'aa kwa wino. Mapengo yalinikuta baadaye, kwenye magari niliyoyaandikia 2011 na 2012, wakati magazeti yameshaanza kuandika kwamba uchumi unapona.

Ilinichukua muda kuelewa, na aliyenielewesha ni jamaa mmoja niliyesafiri naye kwa treni, fundi wa kalibu, yaani maumbo ya chuma ya kukandamizia bati. Sikuwahi kuuliza jina lake. Alinieleza hivi.

Gari jipya huchukua miaka mitatu hadi mitano tangu mchoro wa kwanza mpaka la kwanza kutoka kwenye mstari wa kuunganishia. Mwanzoni fedha inayotumika ni ndogo, kwa kipimo chao: wachoraji, kompyuta, mfano wa udongo wa ukubwa kamili ambao watu wanauzunguka wakiukwangua kwa visu. Ukiuvunja mfano huo leo, hasara ni mishahara na udongo. Kisha inafika siku ya kuagiza kalibu. Kila kipande cha bati cha bodi, mlango, boneti, mbawa za magurudumu, kina seti yake ya kalibu za chuma zenye uzito wa tani na tani, zinazofungwa kwenye mashine ya kukandamizia. Kalibu za mlango mmoja hazitengenezi mlango mwingine wowote duniani. Ukishalipia kalibu, umeoa.

Kwa hiyo mdororo unapobisha hodi, mhasibu hahangaiki sana na gari litakalotoka miezi sita ijayo. Lile kalibu zake zimeshachongwa, na kulisimamisha ni kuzika fedha iliyokwishatumika. Anaangalia yaliyo kati ya udongo na chuma. Hayo ndiyo yanayokufa kimyakimya, na kwa kuwa hayajatangazwa, hakuna anayeyalilia. Sisi tunakuja kuuona mwanya wake miaka mitatu baadaye, na kwa kuwa mwanya hauna sura, tunadhani kampuni imekuwa mvivu. (Lile la Honda halikufuata kanuni hii, kwa sababu lilishafika mbali. Lakini magari ya aina hiyo huuzwa machache sana hata yasiweze kujitetea kwa mahesabu.)

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kiwanda cha Blue Springs, Mississippi, Marekani. Toyota walitangaza kiwanda hicho 2007, wakisema kitatengeneza Highlander, gari kubwa la familia. Katikati ya 2008 mafuta yakapanda bei, wakabadilisha: kitatengeneza Prius, lisilokunywa mafuta mengi. Desemba, jengo likiwa karibu kukamilika, wakasema litamaliziwa ila mitambo haitaingizwa kwanza. Kuta, paa, sakafu, na ndani hakuna kitu. Ukitaka picha ya mpaka kati ya fedha ya kuanzia na fedha ya kuoa, ndiyo hiyo. Lilikaa hivyo mpaka 2010 walipoamua kuendelea, na gari la kwanza lilitoka humo 2011. Lilikuwa Corolla. Daftari langu lina mistari mitatu kwa kiwanda kimoja.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa magari hatulizungumzi kwa sababu halina mvuto: viti. Kampuni ya magari hainunui vipuri dukani. Taa, viti, nyaya, vipozea hewa, vyote vinatoka kwa kampuni nyingine, na kampuni hizohizo zinawauzia washindani. Visteon walifilisika Mei 2009. Lear, watengenezaji wa viti, Julai. Ndiyo maana Alan Mulally, aliyekuwa mkuu wa Ford, alikwenda mbele ya bunge la Marekani mwishoni mwa 2008 kuwatetea washindani wake, ingawa Ford yenyewe haikuchukua fedha ya uokoaji ya serikali: GM wakianguka ghafla wangeanguka na wauza vipuri, na Ford wangebaki na magari yasiyo na viti. Ford walikuwa na akiba kwa sababu mwishoni mwa 2006 walikopa zaidi ya dola bilioni 23 wakaweka rehani karibu kila kitu, pamoja na ile nembo yao ya bluu. Watu waliwacheka. Mipango yao ya penseli ilienda wino kwa wingi kuliko ya jirani zao.

Na gari lililocheleweshwa halikai kabatini kama sukari. Linaharibika kama maziwa. Ulaya, kuanzia Januari 2011, kila gari jipya lilitakiwa kutimiza masharti ya moshi ya Euro 5. Gari lililopangiwa kutoka 2009 na injini ya masharti ya zamani, ukilisogeza miaka miwili, injini lazima ishughulikiwe upya. Kuishughulikia kunahitaji wahandisi, na wahandisi wamepunguzwa. Kucheleweshwa kunazaa kucheleweshwa kwingine. Wakati huohuo gari la zamani linaongezewa maisha: bampa mpya, taa mpya, kitambaa kingine cha viti, na tangazo lenye neno "jipya" herufi kubwa. Hayo siyaandiki daftarini. Nina kanuni zangu.

Nilisema linaitwa daftari la madeni. Deni moja lilikuwa langu kweli. Gari dogo la milango mitano, la kampuni ambayo sitaitaja, niliandika 2010 pembeni yake na kuanza kuweka fedha. Gari langu la wakati huo lilikuwa limechoka. Nikampigia muuzaji mwanzoni mwa 2010, akasema, "Bosi, mwakani." Mwakani akasema mwakani. Nikafuta 2010 nikaandika 2011, nikafuta nikaandika 2012, na katikati nikabadilisha klachi mara mbili na radieta mara moja, na ile akiba ikawa inapungua badala ya kuongezeka.

Lilikuja 2013. Nilikwenda kuliona, nikakaa ndani. Harufu ya upya ilikuwepo, milango ilifungwa kwa ule mlio mzito ninaoupenda. Nikatafuta pa kuchomeka simu. Hapakuwa na mahali. Katikati ya dashibodi palikuwa na tundu la CD, refu, limezungukwa na ukingo wa fedha, limewekwa na mtu aliyekuwa na hakika kabisa ya anachofanya, miaka sita kabla ya siku ile.

Nililinunua. Usiku ule nikapitisha wino juu ya jina lake, na kwa sababu karatasi ilikuwa imefutwa mara nyingi mno, kalamu ikatoboa mpaka ukurasa wa pili.